JUKWAA NA SITARA: JE, SANAA HAIWEZI KUSIMAMA BILA YA UCHI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa msikiti, wanaume na wanawake, baada ya Sala ya Isha)





Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena katika nyumba Yake, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu mtukufu, Muhammad s.a.w. Mada ya usiku huu si ya kawaida msikitini, na huenda baadhi yenu mlipoisikia mliinamisha vichwa. Tunawaomba mtuvumilie. Hatuitaji kwa kupenda kuitaja, bali kwa sababu imebisha hodi katika nyumba ya mmoja wetu.

Binti wa jamaa yetu anasoma sanaa za maonyesho katika nchi moja ya Ulaya. Ni binti mwenye kuswali, mwenye adabu, na kipaji chake wengi wenu mnakijua tangu alipokuwa akisoma mashairi katika hafla zetu za watoto. Mwaka huu amepewa nafasi kubwa katika tamthilia ya kumalizia masomo yake, nafasi ambayo wenzake wengi waliitamani. Katika sehemu moja mhusika wake anaoga mtoni, na mwongozaji amemtaka avue nguo zote mbele ya watazamaji. Binti aliposita aliambiwa maneno mafupi: kwamba si mwongozaji anayetaka hivyo, ila ni sanaa yenyewe. Amemwandikia baba yake kuuliza ajibu nini, naye baba amelileta swali hilo kwetu. Mazoezi yataanza majuma mawili kutoka sasa.

Hivyo basi tunayoyasema si mambo ya nadharia. Yuko mtoto wetu anayengoja jibu.

Swali ni lipi hasa?

Yafaa tutenganishe mambo mawili. La kwanza ni kama inajuzu kwa mwamini kuonyesha uchi wake mbele ya kadamnasi. Jibu lake mnalijua, na binti mwenyewe analijua. Ndiyo maana alisita. La pili ni lile aliloambiwa na mwongozaji wake, kwamba sanaa haiwezi kukamilika bila ya uchi. Hilo ni dai juu ya sanaa, si juu ya dini, na dai juu ya sanaa hupimwa kwa ushahidi wa sanaa. Binti yetu akijibu tu kwamba dini yake inakataza, ataambiwa kuwa yeye ni mtu wa dini tu, hafai kuwa msanii. Kwa ajili hiyo usiku huu tutakwenda hadi kwenye uwanja wao wenyewe, katika kumbi za London na New York, tuwaulize watu wa jukwaa kwa matendo yao: je, kweli ni lazima?

Na wala asidhani mtu kwamba tunakuja na chuki juu ya sanaa. Hadithi sahihi zinatueleza kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha r.a. akawaangalia, huku Mtume s.a.w. akimsitiri kwa joho lake mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Tazameni uzuri wa jambo hilo: mchezo uliachwa uendelee, na sitara nayo ilikuwapo. Havikugombana.

Aidha sisi watu wa pwani na bara tunajua nguvu ya jukwaa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitupa tamthilia ya Kinjeketile, inayosimulia vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wengi wetu tuliisoma shuleni, na wengine tuliiigiza. Jukwaani hapakuwa na mto Rufiji, wala bunduki za Wajerumani zenye kuua. Palikuwa na vijana wachache, vitambaa na sauti, na hata hivyo watazamaji waliiona nchi nzima ikitetemeka. Hebu tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Historia yasema nini?

Kule Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1737, hakuna tamthilia mpya iliyoruhusiwa kuonyeshwa katika kumbi za umma bila ya kupitiwa na afisa mkuu wa nyumba ya kifalme aitwaye Lord Chamberlain. Afisa huyo alikuwa na uwezo wa kufuta neno, kufuta sehemu nzima, au kuizuia tamthilia isionyeshwe kabisa.

Katika zama hizo za udhibiti kulikuwa na ukumbi mmoja mdogo wa London uliojulikana kwa uchi wa wanawake. Ni ukumbi wa Windmill, ambao maonyesho yake ya namna hiyo yalianza mwaka 1932 na ukafungwa mwaka 1964. Waliwezaje? Walikubaliana na wadhibiti kwamba sanamu zilizo uchi zimo katika majumba ya makumbusho wala hakuna anayezikataza. Basi na wanawake wale wangeruhusiwa kusimama jukwaani bila ya nguo, kwa sharti kwamba wasisogee. Anayetikisika amevunja sheria.

Ndugu wapenzi, sharti lile lilisema ukweli ambao walioliweka huenda hawakuukusudia. Kuigiza ni kutenda, ni kusogea na kusema. Mwanamke yule wa Windmill alipovua nguo, alikatazwa papo hapo kuigiza. Alikoma kuwa mwigizaji, akawa kitu cha kutazamwa. Watu waliokata tiketi hawakwenda kusikiliza kisa chake, maana hakuwa na kisa.

Mamlaka ya Lord Chamberlain yaliondolewa na sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 26 Septemba 1968. Kesho yake, tarehe 27, tamthilia ya nyimbo kutoka Marekani iitwayo Hair ilifunguliwa London. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa Broadway, New York, mwezi Aprili mwaka huo huo. Hair ilizungumzia vijana waliokataa kwenda kupigana Vietnam, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza baadhi ya waigizaji walisimama uchi kwa muda mfupi katika mwanga hafifu. Sifa ya tamthilia ile ilienea duniani kwa ajili ya dakika hizo chache kuliko kwa ajili ya vita iliyoipinga.

Lakini lisikilizeni jambo hili, kwa kuwa ni jibu la kwanza kwa mwongozaji wa binti yetu. Waigizaji wa Hair hawakulazimishwa. Aliyetaka alivua, asiyetaka hakuvua, na tamthilia iliendelea vile vile. Miongoni mwa waliokataa ni Diane Keaton, ambaye wakati huo alikuwa kijana asiyejulikana. Hakuvua nguo zake, na bado alipewa kuigiza mhusika mkuu wa kike katika tamthilia hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, alipokea tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya Annie Hall. Kitu ambacho mmoja anaweza kukiacha na kazi isipungue, chawezaje kuitwa lazima?

Kisha ikaja Oh! Calcutta!, iliyofunguliwa New York mwaka 1969 kwa ubunifu wa Mwingereza Kenneth Tynan. Hiyo haikuwa na dakika chache za uchi. Uchi ndio uliokuwa biashara yake. Wakosoaji wengi waliidharau, lakini watazamaji walimiminika. Iliporudishwa Broadway mwaka 1976 iliendelea hadi mwaka 1989, ikaonyeshwa mara 5,959. Basi kama uchi ungekuwa ndio ufunguo wa sanaa, kazi iliyoutumia kuliko zote ingekuwa ndiyo hazina ya jukwaa. Waulizeni wapenzi wa tamthilia ni hekima gani waliyotoka nayo humo. Kuuza tiketi ni jambo moja, na kuwa sanaa ni jambo jingine.

Kila kitu ni mfano, ila kimoja

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Jukwaa ni nyumba ya mifano. Anayekufa jukwaani huamka pazia likishushwa. Anayekunywa sumu amekunywa maji. Upanga haukati, na machozi ya mfiwa hukauka akifika chumba cha kubadilishia nguo. Watazamaji wanalijua hilo na bado wanalia. Hapo ndipo penye ufundi wote: kumfanya mtu aone kisichokuwapo.

Wayunani wa kale walilifahamu hilo. Sophocles alipotunga kisa cha Oedipus, mfalme aliyejitoboa macho kwa mikono yake, hakuliweka tendo hilo mbele ya watu. Lilitendeka ndani ya jumba la mfalme, na mjumbe akatoka kulisimulia. Yapata miaka 2,400 imepita, na bado anayelisikia simulizi hilo husisimkwa na mwili. Hakuna aliyesema kwamba Sophocles aliiogopa sanaa.

Shakespeare naye alifanya kadhalika. Tamthilia ya King Lear, iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza tarehe 26 Desemba 1606, ina sehemu ambamo mfalme mzee, aliyefukuzwa na binti zake, anamwona maskini aliyevaa matambara katikati ya tufani. Anatambua kwamba mwanadamu bila ya mapambo yake ni kiumbe dhaifu, na anaanza kujivua nguo. Mchekeshaji wake anamsihi aache. Katika zama zetu wako waigizaji waliovua nguo zote katika sehemu hiyo, akiwamo Ian McKellen mwaka 2007. Lakini wengi waliotangulia hawakufanya hivyo, na watu walilia kwa ajili ya mzee yule. Mtunzi mwenyewe aliweka mkono wa kuzuia. Huruma ilitoka katika lile tendo la kutaka kuvua, si katika kilichokuwa chini ya nguo.

Mfano wa tatu ndio unaotufaa zaidi, kwa kuwa ni tamthilia ambayo watetezi wa uchi jukwaani huitaja mara kwa mara. Ni Equus ya Peter Shaffer, iliyoonyeshwa London mara ya kwanza mwaka 1973. Inahusu kijana aliyewatoboa macho farasi sita, na tabibu wa akili anayejaribu kujua kwa nini. Je, waliletwa farasi jukwaani? La hasha. Farasi walikuwa waigizaji waliovaa vichwa vya nyaya za chuma, na nyuso zao zilionekana wazi kati ya nyaya hizo. Mtazamaji alijua kuwa ni watu, na hata hivyo aliona farasi. Je, macho yalitobolewa? Yaliigizwa kwa ishara za mikono tu, na watu wakageuza nyuso zao kwa hofu. Lakini ilipofika mahali ambapo kijana na msichana wanakutana zizini, mfano ulikoma. Hapo wahusika walivua nguo kweli.

Tunauliza kwa adabu: ikiwa macho ya mtazamaji yaliweza kuona farasi katika nyaya, na damu mahali pasipo na damu, kwa nini ghafla yadhaniwe kuwa hayawezi kuona uchi mahali palipo na nguo? Ama tunamwamini mtazamaji, ama hatumwamini.

Hapa ndipo tofauti inapodhihirika. Kifo cha jukwaani ni cha mhusika. Sumu ni ya mhusika. Lakini uchi si wa mhusika. Mhusika ni maneno yaliyoandikwa katika karatasi. Hana mwili wa kuvua. Anayevua ni mwigizaji, binti wa fulani, mwenye jina na kabila na wazazi. Pazia likishuka, marehemu huamka na aliyekunywa sumu huenda kula chakula chake cha jioni. Lakini aliyeonekana uchi hawezi kuirudisha hali ya kutokuonekana. Katika nyumba ile ya mifano ameombwa atoe kitu cha kweli, wakati wengine wote wanatoa mfano. Huko si kukamilisha uigizaji. Ni kuukatiza.

Hoja yao yenye nguvu

Uadilifu unatutaka tusichague hoja dhaifu za wenzetu na kuziacha zenye nguvu. Wako watu wa sanaa wasiotafuta matamanio wala fedha. Wanasema kuwa mwili si jambo chafu, na kwamba kuna ukweli wa udhaifu wa mwanadamu usioweza kusemwa kwa mavazi.

Ushahidi wao bora labda ni tamthilia iitwayo Wit ya Margaret Edson, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1999. Inamhusu mwanamke msomi, mwalimu wa mashairi katika chuo kikuu, aliyepatwa na saratani ya ovari iliyokwisha kuenea. Madaktari wanamtendea kama kitu cha utafiti, na muuguzi mmoja tu ndiye anayemtendea kama mtu. Mwishoni anapokufa, mwigizaji anainuka kitandani, anaacha vazi la hospitali lianguke, na kusimama uchi akielekea kwenye nuru kwa muda mfupi sana. Kisha taa zinazimwa.

Hatutasema kwamba huo ni ufuska. Ni dhahiri kwamba mtunzi alitaka kuonyesha roho iliyowekwa huru, na waliotazama wanashuhudia kwamba hawakuwaza matamanio. Basi hapa uchi ni lazima?

Jibu limetolewa na tamthilia hiyo yenyewe. Mwaka 2001 ilifanywa kuwa filamu ya televisheni chini ya uongozaji wa Mike Nichols, na mwigizaji mkuu alikuwa Emma Thompson. Filamu hiyo haikulionyesha tendo lile la mwisho. Ilituachia uso wa marehemu juu ya mto wa kitanda, na sauti yake. Mwaka huo huo ilipewa tuzo ya Emmy kwa filamu bora ya televisheni. Machozi hayakupungua, kwa sababu chanzo chake hakikuwa ngozi ya mtu. Chanzo chake kilikuwa upweke wa mgonjwa na mkono wa muuguzi yule. Kwa hiyo hata pale ambapo uchi umetumiwa kwa nia safi kabisa, ulikuwa ni chaguo moja kati ya machaguo mengi, wala haukuwa lazima.

Huenda mtu akatukumbusha methali yetu wenyewe isemayo kwamba mficha uchi hazai. Ni methali ya kweli, lakini tuisikilize vizuri. Yasema kwamba mwenye haja asimfiche haja yake yule awezaye kumsaidia. Mzazi hujifunua kwa mkunga, na mgonjwa kwa tabibu. Methali haikusema kuwa mzazi apelekwe uwanja wa sokoni. Kufunuliwa kuna mahali pake na mtu wake, na mwenye kufunuliwa ndiye anayepaswa kunufaika. Katika ukumbi wa maonyesho mambo yamegeuzwa: anayefunuliwa ni mmoja, na wanaonufaika ni wengine.

Nani anayelipa gharama?

Hapa tutaambiwa kwamba mwigizaji amekubali kwa hiari yake. Hiari ni jambo kubwa, nasi tunaiheshimu. Lakini historia ya maonyesho yale yale ya London inatufundisha tuichunguze.

Mwaka 1810 aliletwa katika jiji hilo mwanamke wa Kiafrika kutoka Afrika Kusini aliyeitwa Saartjie Baartman. Alionyeshwa katika mtaa wa Piccadilly, amevaa vazi lililobana na lenye rangi ya ngozi yake, ili watu waliolipa kiingilio wautazame umbo lake. Watu waliokuwa wakipinga utumwa walikwenda mahakamani kumtetea. Alipohojiwa alisema kwamba amekubali, na kwamba ameahidiwa sehemu ya mapato. Kesi ikaishia hapo. Akafariki Paris mwaka 1815, na hata baada ya kufa mifupa yake na viungo vyake viliendelea kuwekwa katika makumbusho ya Ufaransa hadi miaka ya 1970. Alirudishwa kwao mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti mwaka huo.

Hatusemi kwamba mwanafunzi wa leo ni sawa na mwanamke yule. Tunasema tu kwamba neno "amekubali" halimalizi swali. Kijana ambaye alama zake, nafasi yake na riziki yake vimo mikononi mwa mtu mmoja, anapoambiwa na mtu huyo kwamba sanaa inamtaka avue, hiari yake imekwisha kupunguzwa kabla hajafungua kinywa. Watu wa jukwaa wenyewe wamelikiri hilo. Mwaka 2016 huko Marekani liliundwa shirika la wataalamu ambao kazi yao ni kusimamia sehemu za faragha katika maonyesho ili waigizaji wasidhulumiwe, na sasa wataalamu wa namna hiyo wanatumiwa katika kumbi na studio nyingi. Tunawapongeza. Lakini mahali panapohitaji mlinzi, hatari ipo.

Na zama zetu zimeongeza jambo ambalo vijana wa Hair hawakulijua. Mwezi Mei mwaka 2022 tamthilia ya Take Me Out ilikuwa ikionyeshwa Broadway. Inahusu wachezaji wa besiboli, na ina sehemu ya kuoga ambamo waigizaji huwa uchi. Wenye ukumbi walichukua tahadhari: kila mtazamaji alitakiwa simu yake ifungiwe katika kifuko maalumu mpaka mwisho. Pamoja na yote hayo, mtu alimrekodi mwigizaji Jesse Williams, na picha zake za uchi zikasambaa katika intaneti. Chama cha waigizaji kililaani kitendo hicho. Laana haikuzirudisha picha.

Zamani watetezi wa uchi waliweza kusema kwamba tendo la jukwaani hupita na kusahauliwa, kwamba linabaki kati ya mwigizaji na wale waliokuwamo ukumbini usiku ule. Hoja hiyo sasa imekufa. Anayevua mbele ya watu mia tatu ajihesabu kuwa amevua mbele ya dunia, na mbele ya watoto wake ambao hawajazaliwa.

Onyo kwa sisi wenyewe

Ndugu wapenzi, ni rahisi kutoka hapa tukiwa tumewashutumu Wazungu na kujisifu. Haifai. Tunayo maonyo mawili kwa nafsi zetu.

La kwanza ni kwamba tusipinge tusichokijua. Mwaka 1980 tamthilia ya The Romans in Britain ilionyeshwa katika ukumbi wa taifa wa Uingereza, nayo ilikuwa na uchi na igizo la ubakaji. Bibi Mary Whitehouse, mtetezi mashuhuri wa maadili, alimshitaki mwongozaji wake, Michael Bogdanov, ingawa yeye mwenyewe hakuwa ameitazama. Kesi ilisikilizwa mwaka 1982. Shahidi wake mkuu alikuwa ameketi nyuma kabisa ya ukumbi, na alipohojiwa hakuweza kuwa na yakini ya alichokiona. Kesi ikavunjika, na tamthilia ikapata sifa ambayo isingeipata. Nia njema isiyo na elimu humsaidia yule inayempinga.

La pili ni zito zaidi. Katika Sura An-Nur Mwenyezi Mungu ameanza na wanaume waamini, akawaamrisha wainamishe macho yao, kabla ya kutaja sitara ya wanawake. Basi kabla hatujauliza binti wa fulani amevaa nini, na tuulize simu zetu zina nini. Anayepokea picha ya aibu ya mtu na kuipeleka kwa wenzake katika kundi la WhatsApp, huku akiandika maneno ya kusikitika, amejenga jukwaa jingine, na yeye ndiye mwongozaji wake. Tena tusiwaite waigizaji majina mabaya. Wengi wao ni vijana walioambiwa kwamba hakuna njia nyingine.

Jibu kwa binti yetu

Sasa tunarudi kwa yule anayengoja. Tumemwomba baba yake ampelekee maneno haya, akianza kwa kumwambia kwamba nyumbani hakuna aliyemkasirikia.

Mwanetu, umesita, na kusita kwako si uhaba wa kipaji. Haya, ambayo Mtume s.a.w. aliihesabu kuwa tawi la imani, ni ya mwanadamu tangu mwanzo. Adamu na mkewe walikimbilia majani ya bustani pasipokuwa na binadamu mwingine wa kuwaona.

Nenda kwa mwongozaji wako mapema, kabla ya mazoezi kuanza na kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Usiende kwa ugomvi. Muulize swali la kisanaa: katika sehemu ile ya mto, anataka mtazamaji ajue nini juu ya mhusika? Kama ni upweke wake, au kutakasika kwake, au woga wake, mwambie kwamba utampa hayo yote. Yako mapazia yenye kuonyesha kivuli tu. Iko taa inayoweza kuzimwa. Iko sauti ya maji, iko kanga inayoloweshwa na kukamuliwa, yuko mhusika wa pili anayeweza kusimulia alichokiona kama mjumbe wa Sophocles. Mkumbushe farasi wa nyaya. Mwambie kwamba kama kipaji chako hakitoshi kumfanya mtazamaji auone mto usiokuwapo, basi kukuvua nguo hakutakiongeza.

Akikubali, mshukuru, na uifanye kazi hiyo kwa bidii kuliko wengine, ili asije akadhani kwamba sitara ni kisingizio cha uvivu. Akikataa, iache nafasi hiyo kwa heshima. Tunajua kuwa itakuuma, na hatutakudanganya kwamba hakuna utakachopoteza. Yumkini utapoteza alama na sifa za mwaka mmoja. Lakini nafasi iliyopotea hurudi kwa mlango mwingine, na Mwenye kuruzuku si mwongozaji.

Na ninyi wazazi, msimrudishe nyumbani. Msimfunze kwamba kila anayeleta swali gumu kwa baba yake hulipwa kwa kunyang'anywa masomo. Alipoandika barua ile alifanya yale ambayo methali yetu inayataka: alimfunulia haja yake mtu wa kumsaidia. Sasa ni juu yetu kuwa watu wa kusaidia.

Mwenyezi Mungu amthibitishe yeye na watoto wetu wote walioko mbali, awajaalie ustadi pamoja na haya, na atusitiri sisi sote, duniani na Akhera. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakaatuh.